Kutoka Teleprinta hadi Simu ya Video: Viziwi wa Marekani na Safari ya Kumfikia Daktari

Katika jarida hili tumezoea kuandika historia ya miji ya pwani, misafara, magazeti na vyama vya siasa. Safari hii tumechagua historia ya vyombo vya mawasiliano, na tumeifuata kwa swali moja: mtu asiyesikia akiugua usiku, humpataje daktari? Na akishampata, wanaelewana vipi?

Swali hili si geni kwa chama chetu. Wengi wetu tumelelewa hapa Marekani katika nyumba ambamo Kiswahili ni lugha ya bibi na babu, na Kiingereza ni lugha ya kliniki. Tumewahi kukaa katikati ya daktari na mzee wetu, tukiwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili, tukihangaika kutafuta neno la Kiswahili la kongosho. Tuliposoma historia ya viziwi wa nchi hii tulikuta mambo tunayoyajua vizuri, na mengine ambayo hayajawahi kutupitia kichwani.

Neno moja kuhusu maneno. Tunatumia "kiziwi" na "viziwi" kwa sababu ndiyo maneno wanayoyatumia wenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno hilo katika jina lake. Neno "bubu" tumeliacha. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana lugha kamili, yenye sarufi yake, na hapa Marekani lugha hiyo huitwa ASL. ASL si Kiingereza kinachoonyeshwa kwa mikono. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Simu iliyofunga mlango

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Mama yake alikuwa na uziwi, na mke wake, Mabel Hubbard, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Bell mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi mjini Boston, naye aliamini kwamba wafundishwe kusema na kusoma midomo badala ya kutumia alama. Miaka minne baadaye, mwaka 1880, mkutano wa walimu uliofanyika Milan, Italia, ulipitisha azimio la kutanguliza mafunzo ya kusema na kuiweka kando lugha ya alama. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zilifuata njia hiyo kwa miongo mingi.

Simu ilipoenea, maisha ya mjini yalijipanga upya kuizunguka. Miadi ya daktari ikawa ya simu. Majibu ya maabara, dawa iliyokwisha, gari la wagonjwa, vyote vikapitia kwenye waya. Kwa mtu anayesikia, daktari alisogea karibu. Kwa kiziwi alibaki mbali kama zamani, na kwa namna fulani alizidi kuwa mbali, kwa sababu sasa kila mtu alitarajiwa kupiga simu kwanza.

Kiziwi alifanya nini? Alikwenda kugonga kwa jirani, au alisafiri hadi kwa daktari bila kujua kama yupo. Au alimtuma mtoto wake anayesikia apige simu. Fikirieni maana yake: mama anapata tatizo la uzazi, na habari yake inapita kwanza mdomoni mwa jirani au kwa mwanawe wa miaka minane. Hakukuwa na siri ya mgonjwa. Hali hiyo ilidumu karibu miaka tisini tangu simu ilipovumbuliwa.

Mashine chakavu zilizopewa kazi mpya

Mlango ulifunguliwa na viziwi wenyewe. Robert Weitbrecht alikuwa mwanafizikia kiziwi wa California na mpenzi wa redio za mawimbi mafupi. Aliwahi kutumia teleprinta, yaani mashine kubwa ya kuchapa na kupokea maandishi, kuwasiliana na watu kwa redio. James Marsters, daktari wa meno kiziwi wa Pasadena, alimuuliza kama jambo hilo lingewezekana kwa simu ya kawaida. Mwenzao wa tatu alikuwa Andrew Saks, naye pia kiziwi.

Shida ilikuwa ya ufundi na ya sheria kwa pamoja. Kampuni ya simu ya AT&T haikuruhusu watu kuunganisha vifaa vyao kwenye waya zake. Weitbrecht alitengeneza kifaa kisichogusa waya. Unachukua mkono wa simu, unaulaza juu ya vikombe viwili, na kifaa kinageuza herufi kuwa milio inayosafiri kama sauti nyingine yoyote. Upande wa pili kifaa kingine kinageuza milio hiyo kuwa herufi, na teleprinta inazichapa kwenye karatasi. Mazungumzo ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika mwaka 1964.

Mashine zenyewe zilikuwa chakavu za mashirika ya telegrafu na magazeti, kubwa kama meza, zenye kelele ambazo wenye nyumba hawakuzisikia. Mwaka 1968 AT&T ilikubali kutoa teleprinta zake za zamani, na mwaka huohuo viziwi waliunda shirika la kuzigawa na kuzikarabati. Mafundi wa kujitolea walizibeba kwa magari, wakazipandisha ngazi, wakazifunga sebuleni pamoja na taa inayowaka simu inapoita. Mashine hizo zikaitwa TTY.

Watumiaji wakajitungia adabu zao. Ukimaliza zamu yako unaandika GA, maana yake "endelea". Ukitaka kuaga unaandika SK. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahandisi wa kampuni kubwa ya simu walikuwa na fedha na maabara, lakini waliotengeneza daraja hili ni watu waliokuwa wanalala kwenye kitanda hicho.

Hata hivyo TTY ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilizungumza na TTY nyingine tu. Rafiki yako akiwa nayo, mtaongea usiku kucha. Daktari wako asipokuwa nayo, umerudi kwa jirani.

Sheria na mtu wa katikati

Upungufu huo ulizibwa kwa mtu wa kupokezana. Kiziwi anamwandikia mhudumu kwa TTY, mhudumu anampigia daktari na kumsomea kwa sauti, kisha anachapa majibu ya daktari neno kwa neno. Mwanzoni kazi hii ilifanywa na watu wa kujitolea katika miji michache, na baadaye na baadhi ya majimbo. California ilianzisha huduma ya jimbo zima mwaka 1987.

Huduma ya kujitolea ina saa zake, na ugonjwa hauna saa. Kwa hiyo historia hii lazima ipite bungeni. Sheria ya mwaka 1973 ilikuwa na kifungu cha 504, kilichokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Hospitali nyingi zilikuwa miongoni mwa taasisi hizo. Kanuni za kuitekeleza zilichelewa hadi 1977, baada ya watu wenye ulemavu, viziwi wakiwemo, kukalia jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Mwaka 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington, walifunga chuo kwa siku kadhaa wakidai rais kiziwi, wakampata: I. King Jordan. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Julai 1990, Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilitiwa saini.

Sehemu ya nne ya sheria hiyo iliyaagiza makampuni ya simu kutoa huduma ya kupokezana nchi nzima, saa 24, ifikapo Julai 1993. Vituo vya dharura vya 911 navyo vilitakiwa kupokea simu za TTY moja kwa moja. Hatimaye kiziwi aliweza kupanga miadi mwenyewe. Lakini simu hizi zilikwenda polepole, zikianza na maelezo ya mhudumu, na wapokeaji wengi wa zahanati walikata wakidhani ni mtu wa kuuza bidhaa. Sheria iliweka mlango. Bado palihitajika mtu wa ndani anayejua kwamba anayebisha ni mgonjwa.

Herufi si lugha

Hapa tunafika kwenye jambo tulilowaomba mlishike. TTY ilibeba maandishi, na maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza. Vivyo hivyo manukuu ya televisheni. Yalianza kuonekana mwaka 1972 katika kipindi cha mapishi cha Julia Child kutoka Boston, na kuanzia 1993 televisheni zote mpya zenye kioo cha inchi 13 au zaidi zilitakiwa kuwa na kifaa cha kuyaonyesha. Haya yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ASL, Kiingereza ni lugha ya pili, tena aliyojifunza kwa macho tu.

Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui alama. Mtoto anayesikia huokota habari za afya bila kufundishwa. Anamsikia shangazi akisema bibi ana sukari, anasikia baba akilalamika kifua, anasikia tangazo la chanjo redioni. Mtoto kiziwi anakaa meza hiyohiyo na hapati chochote. Akiwa mtu mzima daktari anamuuliza, "Katika ukoo wenu kuna presha?" Hajui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Ugonjwa wa UKIMWI ulionyesha hatari hiyo waziwazi. Taarifa za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1981, na kampeni zilizofuata zilikuwa za vijitabu, redio na simu. Baadaye simu ya taifa ya ushauri wa UKIMWI ilipata namba ya TTY, na hiyo ilisaidia. Lakini maneno yenyewe yalikuwa mtego. Mtu aliyeambiwa kwa maandishi kwamba kipimo chake ni "positive" aliweza kuelewa kwamba mambo ni mazuri, maana katika ASL alama ya neno hilo ni ya kujumlisha, nayo hubeba maana ya kitu chema. Kipimo kimeleta habari mbaya, mgonjwa anashukuru na kwenda zake.

Sisi wa Kiswahili tunalielewa hili. Lugha yetu nayo ilibidi itafute neno, ikapata UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, jina linaloeleza ugonjwa unafanya nini. Elimu ya afya iliyowafikia viziwi ilifanya hivyohivyo: walimu viziwi waliacha tafsiri ya neno kwa neno wakaeleza kwa alama kwamba kidudu kimeingia mwilini na kimeonekana kwenye damu. Nairobi ilifuata njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale shirika la Liverpool VCT lilipoanzisha ushauri nasaha na upimaji wa VVU ukiendeshwa na viziwi wenyewe kwa Lugha ya Alama ya Kenya.

Picha inaingia hospitalini

Mwishoni mwa miaka ya 1990 viziwi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupenda peja za kuandikiana, kisha simu zenye kibodi. Kwa mara ya kwanza kiziwi alitembea na mawasiliano mfukoni. Ila badiliko kubwa zaidi lilikuwa la picha. Mwaka 2000 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, iliruhusu huduma ya kupokezana kwa video igharamiwe na mfuko uleule wa TTY. Kiziwi anamwona mkalimani kwenye skrini, anaongea kwa lugha yake, na mkalimani anaongea na daktari kwa simu. Miaka michache baadaye TTY zilianza kujaa vumbi.

Hospitali zikaona fursa. Badala ya kumwita mkalimani aje, kwa nini asionekane kwenye skrini ya magurudumu kando ya kitanda? Kwa usiku wa manane katika mji mdogo, hilo ni jambo la maana. Lakini malalamiko yalikuja haraka. Picha inaganda katikati ya sentensi. Muuguzi hajui nywila. Mgonjwa amelazwa chali, skrini iko miguuni, na mkono mmoja umefungwa dripu. Mkono ule ndio ulimi wake.

Wizara ya Sheria ilitoa kanuni mwaka 2010. Picha isicheleweshwe wala kukatika. Iwe kubwa ya kutosha kuonyesha uso, mikono na vidole vya mkalimani na vya mgonjwa, kwa namna yoyote mgonjwa alivyolala. Wafanyakazi wafundishwe kuiwasha. Mwaka 2017 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya wagonjwa viziwi wa Florida kusini, ilitamka jambo zito: swali si kama mgonjwa alitibiwa vibaya mwishowe, bali kama alipewa nafasi sawa ya kuelewa na kueleweka.

Kanuni zilezile za 2010 zilisema pia kwamba mtoto mdogo asitumiwe kuwa mkalimani wa mgonjwa kiziwi, isipokuwa kwa dharura ya kuhatarisha maisha ambapo hakuna mwingine. Mwaka 2016 kanuni za sheria ya bima ya afya ziliweka katazo kama hilo kwa lugha za kusemwa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Tulisoma mstari huu mara mbili. Kazi tuliyoifanya utotoni, ambayo nyumbani ilikuwa sifa na heshima, sheria imeiona kuwa mzigo usiomfaa mtoto. Sisi hatusemi wazee wetu walikosea. Hawakuwa na mwingine. Waliokuwa na wajibu wa kumleta mtu mwingine walikuwa wenye hospitali.

Nani aliulizwa?

Habari za afya hazitoki serikalini kwenda kwa watu tu. Nazo hutoka kwa watu kwenda serikalini. Tangu 1984 Marekani imekuwa ikifanya uchunguzi mkubwa wa afya kwa kupiga simu: unavuta sigara, una uzito gani, ulipimwa lini? Kwa miaka mingi uchunguzi huo haukuwafikia wanaotumia ASL. Hivyo mipango ya afya ilipangwa kwa takwimu ambazo wao hawamo.

Mji wa Rochester, New York, una jamii kubwa ya viziwi. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha huko, wakishirikiana na viziwi, waliweka maswali hayo kwenye kompyuta ya kugusa skrini, yakiulizwa kwa video ya lugha ya alama. Watu wazima zaidi ya 300 walijibu. Ilionekana kwamba viziwi walivuta sigara kidogo kuliko wenzao wa mji huo, lakini unene, ukatili wa wapenzi na majaribio ya kujiua vilikuwa juu zaidi. Matatizo hayo hayakuanza siku hiyo. Siku hiyo ndipo yalipoulizwa kwa lugha inayoeleweka.

Korona

Mwaka 2020 ulipima yote tuliyoyaeleza. Barakoa ziliziba midomo, na waliotegemea kuisoma walibaki gizani. Miadi ikahamia kwenye video, na baadhi ya programu hazikuwa na nafasi ya kumweka mkalimani kwenye skrini. Watu walitumia programu za simu zinazogeuza usemi kuwa maandishi, zikisaidia pale chumba kilipokuwa kimya na daktari hana haraka.

Katika mikutano ya Ikulu ya Marekani kuhusu ugonjwa huo hakukuwa na mkalimani. Chama cha Taifa cha Viziwi na viziwi watano walikwenda mahakamani, na Septemba 2020 jaji James Boasberg aliamuru mkalimani aonekane kwenye picha. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba manukuu yapo. Jibu lililoshinda mnalijua tayari: herufi za Kiingereza si ASL. Nchini Uingereza, Julai 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa kutoweka mkalimani katika mikutano miwili ya vuli ya 2020, na mwaka 2022 Bunge likaitambua kisheria Lugha ya Alama ya Uingereza.

Mambo yanayotuhusu

Afrika Mashariki imetangulia katika hili. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kuna uzi mwingine. Andrew Foster, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet, mwaka 1954, alikwenda Afrika akaanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi, Kongo ikiwa mojawapo. Alifariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kwa sababu ya shule zake, baadhi ya viziwi wa Kongo hutumia alama zenye undugu na ASL. Wengine hawakufika shuleni kabisa na wanatumia alama za nyumbani. Wakimbizi wa Kongo wanaowasili Marekani wamo wa aina zote mbili.

Kwa wale wa alama za nyumbani, skrini peke yake haitoshi. Anahitajika mkalimani kiziwi, mtu aliyekulia katika mawasiliano ya macho, afanye kazi bega kwa bega na mkalimani wa ASL. Na familia ikizungumza Kiswahili, anahitajika wa tatu. Huyo wa tatu anaweza kuwa mmoja wetu, akiwa amesomea ukalimani wa hospitali na ametimiza umri.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wazee walisema. Viziwi wa Marekani waliubeba wa kwao tangu sebule zenye teleprinta hadi mahakamani, na kila kifaa walichokipata walikidai au walikitengeneza wenyewe. Tunapendekeza chama chetu kianze na hatua tatu muhula ujao: tumwombe mwalimu wa ASL wa chuo atufundishe masomo manne ya mwanzo, tuhakikishe kila video ya chama ina manukuu ya Kiswahili na Kiingereza, na wanaopenda wajiandikishe kwa mafunzo ya ukalimani wa afya. Walimu wetu wameahidi kutusikiliza. Wasomaji, leteni maoni.